Kukadiria joto la ncha ya tuli unapokereza chuma, kwa vifaa vya karakana ya kawaida

Wakuu, karibu kila wiki kuna dogo ananishika nje ya karakana na swali ni lile lile kuhusu tuli, kile kisu kinachokata chuma kwenye mashine ya kukereza, limebadilishwa nguo tu. Fundi, tuli yangu imeungua, ilifika digrii ngapi? Chenga (vile vipande vinavyokatika) zikitoka bluu ndo nimeshaiua ncha? Ile bunduki waliyokuwa wanatupima nayo paji la uso wakati wa korona inaweza kusoma joto la tuli? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika yote hapa mara moja, na we isome ukiwa umesimama mbele ya mashine, sio umelala.

Kitu kimoja ukikubali mapema tutaelewana. Pale ncha inapokutana na chuma hupaoni na hupashiki, ni padogo kuliko punje ya mtama, na chenga imepafunika muda wote. Kwa iyo hakuna fundi pale mtaa wa Unga Limited, Arusha, atakayekupa namba kamili, na mimi sikupi. Tunachofanya ni kukadiria kwa njia tatu, yani hesabu, waya wa thamokapo (waya wa kupimia joto), na rangi ya chenga, afu tunaziweka pamoja tuone zinasemaje. Na swali letu ni dogo tu, niko chini ya digrii 600 au nimevuka? Mana haispidi, kile chuma kigumu cha tuli za kawaida, ikifika maeneo ya 600 inaanza kulainika na ikishalainika haikati tena, inasugua. Kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi, inavumilia mpaka 800 na kuendelea. Tuli uliyochonga kwenye tupa ya zamani yenyewe 250 tu imekwisha, usiisumbue.

Uwe na hivi kabla hujawasha kitu

- Tuli ya haispidi ya milimita 10 au 12, umeinoa vizuri. Tuli butu itakupa joto la ubutu wake.
- Kipande cha maili stili (chuma laini cha kawaida) kipenyo milimita 50, urefu kama 200, kipya cha dukani. Usichukue ekseli ya Fuso kwa zoezi la kwanza, ile ni chuma kingine kabisa na hesabu zote zitakudanganya.
- Multimita ya betri yenye sehemu ya kupimia joto, na waya wake wa thamokapo aina ya K. Angalia ganda la waya, likiwa plastiki litayeyuka mapema, tafuta wenye ganda la nyuzi za kioo.
- Grenda na diski nyembamba ya milimita 1.
- Gundi ya kuzibia ekzosi, ile inayovumilia moto. Gundi za kawaida za kuchanganya mbili zinaungua, nimejaribu, zinanuka tu.
- Kipande cha maika. Kama huna, fungua pasi ya umeme ya zamani iliyokufa, ipo ndani.
- Waya wa risasi wa mafundi redio, ule wa 60/40.
- Barafu, sufuria, jiko, venia, tupa, miwani, simu yenye kikokotoo, na daftari. Nasisitiza daftari mana mikono itakuwa na mafuta.

Afu mavazi. Arusha mwezi wa saba tunajua baridi yake, kila mtu yuko na sweta na mikono imefika kwenye vidole. Vua au kunja mpaka juu ya kiwiko. Glavu hapana, kwenye kitu kinachozunguka glavu inavuta mkono mzima. Na leo tunaongeza waya kwenye mashine, kwa iyo hatari imeongezeka, tutaliona kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 1: Hakiki thamokapo yako

Usiamini waya kwa sababu ni mpya. Tia barafu iliyopondwa kwenye kikombe na maji kidogo, koroga, tumbukiza ncha ya waya, inatakiwa isome 0, ikizidi au kupungua digrii mbili sio mbaya. Afu chemsha maji. Hapa ndo watu wanakosea sana, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Nilichemsha maji Sakina waya ukasoma 95, nikaurudisha dukani nikamwambia jamaa ameniuzia kimeo, akanipa mwingine, nao 95, nikamrudia tukazozana mbele ya wateja. Kumbe maji ndo yanachemka hivo. Arusha tuko kama mita 1400 juu ya usawa wa bahari na kwa kila mita 300 hivi unazopanda maji yanachemka digrii moja chini, kwa iyo hapa 95 ndo sahihi. Moshi mjini wako chini yetu, wao watapata kama 97. Ukiona 100 kamili Arusha, hapo ndo uwe na wasiwasi.

Kipimo cha tatu, yeyusha waya wa risasi wa 60/40 kwenye kopo, chomeka thamokapo, zima moto, angalia namba ikishuka. Risasi ikianza kuganda namba itasitasita kidogo kati ya 190 na 183. Fanyia nje kwenye upepo, moshi wake sio wa kuvuta. Usitumie risasi ya betri ya gari, imechanganywa na vitu vingine na haigandi kwenye joto unalolisoma kwenye vitabu.

Hatua ya 2: Jua spidi yako halisi

Spidi ya kukata sio mizunguko. Ni 3.14 zidisha kipenyo kwa milimita, zidisha mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 1000, unapata mita kwa dakika. Kipenyo 50 kwenye mizunguko 190 inakupa kama mita 30. Kwenye 380 unapata 60.

Ile sahani ya mizunguko iliyobandikwa kwenye mashine usiiamini sana kama mashine imeshabadilishwa mota au puli, na mashine nyingi za huku zimeshabadilishwa. Chora alama ya chaki kwenye kichwa cha mashine, rekodi video ya mwendo wa polepole, hesabu. Dakika tano tu, na utashangaa.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwanza, kabla ya kukata

Nadharia yenyewe ni fupi. Nguvu unayotumia kukata karibu yote inageuka joto, sehemu kubwa inaondoka na chenga, kidogo kinabaki kwenye kazi (kile chuma unachokata), kidogo kinaingia kwenye tuli. Fomula inayotumika sana kwa makadirio ni ya Cook, na inafanyika kwenye simu:

Joto linaloongezeka = (0.4 × U ÷ C) × kipeuo cha tatu cha (v × t ÷ K)

U ni nguvu inayohitajika kukata milimita moja ya ujazo, kwa maili stili weka 2.2. C ni uwezo wa chuma kubeba joto, weka 0.0038. K ni jinsi joto linavyosambaa ndani yake, weka 13. v ni spidi kwa milimita kwa sekunde. t ni unene wa chenga kabla haijakatwa, na kama ukingo wa tuli yako umesimama digrii 90 na kazi basi t ni fidi yako tu, yani milimita ambazo tuli inatembea kwa kila mzunguko.

Sasa mfano. Mita 30 kwa dakika ni milimita 500 kwa sekunde. Fidi 0.2. Kwanza ndani ya kipeuo, 500 × 0.2 ÷ 13 ni 7.7, kipeuo chake cha tatu ni 1.97. Sehemu ya mbele ya fomula, 0.4 × 2.2 ÷ 0.0038 ni 232. Zidisha, unapata 457. Ongeza joto la karakana, tuseme 23, jumla 480. Haispidi iko salama.

Rudia kwa mita 60 kwa dakika. Kipeuo kinakuwa 2.49, joto linaongezeka 577, ukijumlisha na la karakana uko 600. Umeona? Ndo mana wazee wa ufundi wanakwambia haispidi kwenye maili stili usiizidishe mita 30 na kitu, hawakupiga hesabu lakini tuli zilizowaungulia mikononi zilishawafundisha.

Angalia tena fomula, kuna kitu hakimo. Kina cha kukata hakimo kabisa! Hili naliona kila siku, dogo akiona moshi anapunguza kina kutoka milimita 2 kwenda 1, spidi anaiacha vilevile, afu analalamika ncha bado inaungua. Spidi ndo mwenye kosa. Fidi nayo ina mchango lakini kwa vitendo ni mdogo kuliko inavyoonekana kwenye fomula, mana ukiongeza fidi ile U nayo inashuka. Kwa iyo ukitaka kupoza, gusa spidi kwanza.

Alminiamu weka U 0.8, C 0.0024 na K 65, utaona mwenyewe inabaki chini sana, mita 60 kwa dakika ni kama digrii 215 tu. Stenlesi ndo balaa. Inapitisha joto kama theluthi ya chuma cha kawaida, kwa iyo joto halikimbilii kwenye kazi, linabaki hapohapo linakula ncha. Stenlesi gawanya spidi kwa mbili kabla hata hujawaza hesabu.

Hatua ya 4: Weka thamokapo chini ya tuli

Huwezi kuitoboa haispidi kwa dreli ya kawaida, usihangaike. Igeuze, chini yake chora mfereji mwembamba kwa diski ya milimita 1, uanzie nyuma mpaka uishie chini ya ncha, ukiacha kama milimita 3 kabla ya ukingo wa mbele. Mfereji usiwe na kina zaidi ya milimita 2, ukizidisha tuli inavunjika siku ya kwanza. Kata kidogokidogo.

Laza waya ndani, ile shanga ya mwisho, pale nyaya mbili zinapoungana, iguse chuma kabisa mwisho wa mfereji, zibia kwa gundi ya ekzosi, acha ikauke usiku mzima. Ukiharakisha, unyevu ulio ndani unachemka na gundi inaruka. Afu weka kipande cha maika kati ya tuli na kitako chake pale inapopita shanga, la sivyo joto linakimbilia kwenye kile chuma kikubwa cha kushikia na utasoma namba ya huruma. Kaza boliti taratibu, maika inapasuka.

ONYO: waya upite nyuma, ufungwe kwa tepu kwenye kitako kila sentimita kumi, na usibaki mlegevu hata kidogo upande wa kichwa cha mashine. Chenga ndefu ikiushika waya, itauvuta, na multimita itakufuata wewe. Multimita iweke mbali, kivulini, na sio juu ya mota, mana yenyewe inatumia joto lake la ndani kukamilisha kipimo, ikipata moto inadanganya.

Wenye kabaidi ya kuchomelewa, fanya mfereji kwenye shina la chuma chini ya kile kipande. Wenye inseti (kipande cha kabaidi cha kufunga na kufungua), fanya kwenye ile sahani inayokaa chini ya inseti. Kabaidi yenyewe usiiguse na diski.

Hatua ya 5: Kata kavu, sekunde 60

Funga kazi, weka senta ya nyuma, mizunguko 190, fidi 0.2, kina milimita 2. Hakuna maji. Washa, na tuli ikianza tu kukata anza kuhesabu sekunde 60, andika namba ya multimita kila sekunde 10, simamisha. Kwa dakika hiyo moja tuli itatembea kama milimita 38.

Kwa nini lazima sekunde ziwe zilezile kila mara? Ncha inafika joto lake ndani ya sekunde chache lakini mwili wa tuli unachukua dakika kadhaa kupata moto, kwa iyo namba ya sekunde 60 na namba ya dakika 3 hazilinganishiki hata kidogo.

Na namba yenyewe itakuwa ndogo. Ukiona 140 au 180 usianze kusherehekea kwamba hesabu ilikosea, thamokapo iko milimita kadhaa chini, na joto linashuka haraka sana kutoka kwenye ncha. Namba hii ni ya kulinganisha na namba nyingine ya waya uleule, sehemu ileile, muda uleule.

Hatua ya 6: Soma chenga

Okota chenga kwa koleo, sio kwa mkono, kingo zake ni wembe. Iangalie kwenye mwanga wa mchana. Kwa chuma cha kawaida njano hafifu ni maeneo ya 230, kahawia 255, zambarau 280, bluu 300, na ikishapita 330 inageuka kijivu.

Ila hizo ni rangi za chuma kilichokaa kwenye joto kwa dakika kadhaa. Chenga inapoa ndani ya muda mfupi tu, rangi haipati nafasi ya kukua, kwa iyo bluu ya chenga maana yake ni 300 kwa uchache, na huenda ilikuwa juu zaidi ya hapo. Ndo mana hesabu inaweza kusema 480 na chenga ikatoka njano, na zote ziko sawa.

Kwa haispidi mimi nataka chenga nyeupe mpaka njano. Zikianza kahawia nashusha spidi. Kwa kabaidi bluu ni kawaida kabisa, usiogope. Rangi za stenlesi zinatokea kwenye joto la juu zaidi kwa iyo hizi namba usizitumie huko. Na ukiwa umemwaga maji ya sabuni ya kupozea, rangi hazina maana.

Hatua ya 7: Rudia kwa spidi mbili

Subiri tuli ipoe mpaka multimita irudi kwenye joto la chumba. Usiitumbukize kwenye maji, haispidi inapasuka nyufa ndogo usizoziona na kabaidi ndo kabisa. Weka 380, endelea pale ulipoishia, ambapo kipenyo bado ni 50, mana ukirudi ulipokwishakata kipenyo ni 46 na spidi sio 60 tena. Sekunde 60 zilezile.

Sasa weka namba pamoja. Hesabu inatabiri kwamba ukizidisha spidi mara mbili joto linaloongezeka linapanda kwa kama robo, yani mara 1.26. Toa joto la chumba kwenye namba zote mbili za thamokapo, gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ukipata kitu cha 1.2 mpaka 1.4 makadirio yako yanashikana. Na ukiona chenga zimetoka njano zikaenda zambarau au bluu, basi njia zote tatu zinakwambia kitu kimoja. Ukipata mara 2, kuna kitu kimeharibika katikati, mara nyingi ncha imeshakufa na inasugua.

Mizunguko 760 na haispidi usijaribu ati kwa kutaka kuona. Kwa kanuni ya Taylor ya uhai wa tuli, kwa haispidi yenye n (kipeo cha kanuni hiyo) ya 0.125, ukizidisha spidi mara mbili uhai wa ncha unagawanywa kwa 256. Sio mbili, ni mia mbili hamsini na sita.

Mwisho chukua tupa, jaribu kukwaruza ukingo wa tuli. Tupa ikiteleza, ugumu upo. Ikiuma, 600 umeivuka, haijalishi multimita ilisema nini.

Kuhusu zile bunduki

Ya korona haifai, imetengenezwa kwa mwili wa binadamu, ukiielekeza kwenye chuma cha moto itaandika kosa tu. Ile ya mafundi friji na magari inasoma mamia ya digrii, lakini chuma kinachong'aa kinaidanganya, inaweza kusoma 90 wakati tuli iko 250. Paka ubavu wa tuli rangi nyeusi ya silensa isiyong'aa, hapo inakaribia ukweli. Na sogea karibu. Nyingi ni za 12 kwa 1, yani ukiwa sentimita 60 mbali inapima duara la sentimita 5, ambalo ni tuli, kazi, chenga na ukuta kwa pamoja. Ile nukta nyekundu ya kulenga sio eneo linalopimwa.

Ikigoma

*Namba inashuka wakati joto linapanda.* Umegeuza nyaya. Kwa rangi za Kimarekani nyekundu ni hasi na njano ni chanya, na hapo wengi wanajikwaa kwa sababu wamezoea nyekundu chanya. Rangi zikiwa zimefutika chukua sumaku, waya unaovutwa ndo hasi.

*Namba inaruka 80, 300, 40.* Mara nyingi ni umeme wa mota unaingia kupitia mwili wa mashine. Sokota nyaya mbili pamoja, zisogeze mbali na nyaya za mota. Ikiendelea, angalia kama ganda limechubuka mahali.

*Niliunga waya wa kawaida wa shaba kurefusha.* Basi namba inakosea kwa tofauti ya joto kati ya pale ulipounga na multimita. Tafuta waya wa K mrefu.

*Namba ni ndogo mno, 60 hivi, na chenga ni bluu.* Shanga haigusi chuma au maika haipo. Fungua, uanze hatua ya 4.

*Nimeinoa tuli kwenye jiwe imekuwa bluu, niitupe?* Hapana. Haispidi imepikwa kwenye maeneo ya 550, bluu ya jiwe peke yake haiiui. Jaribu tupa kwanza.

*Nimemwaga maji ya sabuni thamokapo imeshuka nusu, kwa iyo niongeze spidi mara mbili?* Taratibu. Maji yanapoza mwili wa tuli, ndo pale thamokapo ilipo, lakini pale kwenye ncha chini ya chenga hayafiki vizuri, na kadiri spidi inavyopanda ndo yanazidi kushindwa. Ongeza kidogo, angalia ukingo, ongeza tena.

*Spidi ileile, fidi ileile, lakini kila nikikata namba inapanda digrii 10 au 15 juu ya mara iliyopita.* Kama kweli ulisubiri ipoe, basi ncha inachakaa, ule ubapa chini ya ukingo unakua na unasugua kazi. Ikizidi ya mwanzo kwa kama thelathini, toa, inoe, na andika kwenye daftari ilichukua dakika ngapi.